Tunapotazama Wengine Wakihatarisha Uhai Wao



Mwezi wa Februari 2026, miji ya Milano na Cortina, nchini Italia, ilipokea Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Wengi kati yenu mliifuatilia kadiri umeme na intaneti vilivyowaruhusu, wengine katika simu, wengine sebuleni kwa jirani mwenye televisheni. Ni jambo jema, tena linashangaza kidogo, kwa maana sisi watu wa Goma hatuna theluji. Theluji iliyo karibu nasi ni ile ya Ruwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, pamoja na ule weupe unaokifunika kichwa cha Karisimbi asubuhi chache za mwaka, ambao ndio ulioupa mlima huo jina lake. Hata hivyo, vijana wetu wanaijua sasa michezo ambayo babu zetu wasingeweza kuiwazia: kuteleza kwa skii mlimani, kuruka angani kutoka kwenye mteremko wa theluji, kulala chali juu ya kigari kidogo kiitwacho luji na kushuka nacho katika mfereji wa barafu.

Katika mazungumzo ya vikundi vyetu tumesikia swali moja likirudi: «Uliona yule alivyoanguka?» Swali la pili, ambalo lingepaswa kulifuata, yaani «Je, alipona?», tumelisikia mara chache sana. Ni kwa ajili ya swali hilo la pili tunaandika. Tunaamini kwamba anayetazama mchezo wa hatari hayuko nje yake. Kuna jambo analolidai kwa macho yake, na kuna jambo linalobadilika ndani ya moyo wake.

Gharama tusiyoiona

Tuanze na ukweli wa michezo yenyewe. Mshindani wa skii ya mteremko hupita mara nyingi mwendo wa kilomita 130 kwa saa, huku amevaa kaske na nguo nyepesi inayombana mwili. Hapa kwetu, motari anayekwenda nusu ya mwendo huo kwenye barabara ya Sake tunamwita mwendawazimu. Katika luji mwendo ni huo huo au zaidi, na mshindani hana breki ya kushika wala usukani. Huongoza chombo chake kwa miguu na mabega.

Tarehe 12 Februari 2010, siku yenyewe ya ufunguzi wa Michezo ya Vancouver nchini Kanada, kijana wa Georgia aitwaye Nodar Kumaritashvili, mwenye miaka 21, alikuwa mazoezini kwenye mfereji wa Whistler. Mfereji huo ulikuwa umekwisha kujulikana kuwa wenye kasi kuliko mingine yote duniani. Alipotoka kwenye kona ya mwisho, kwa mwendo wa karibu kilomita 144 kwa saa, alirushwa juu ya ukuta mfupi na kugonga nguzo ya chuma isiyofunikwa kitu. Alifariki siku hiyo. Baba yake, ambaye naye aliwahi kuucheza mchezo huo, alisimulia baadaye kwamba mwanawe alikuwa amemwambia kuwa anaogopa kona moja ya mfereji ule. Wakuu wa mchezo walitangaza kwamba kosa lilikuwa la mwanamichezo, wala si la mfereji. Lakini kabla ya mashindano kuanza, waliuinua ukuta mahali pale, wakateremsha mahali pa kuanzia ili kupunguza mwendo. Tendo lao lilisema wazi zaidi kuliko tangazo lao.

Kifo hicho hakikuwa cha kwanza. Mwaka 1964, kabla ya Michezo ya Innsbruck, Austria, wanamichezo wawili walikufa mazoezini, mmoja katika skii na mwingine katika luji. Mwezi Januari 1994, Ulrike Maier wa Austria, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara mbili, tena mama wa binti mdogo, alianguka akafa katika mashindano ya Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Mwezi Novemba 2017 Mfaransa David Poisson alikufa mazoezini huko Kanada. Mwezi Septemba 2025 Mwitalia Matteo Franzoso alikufa baada ya kuanguka mazoezini nchini Chile, miezi michache tu kabla ya Michezo kufanyika katika nchi yake.

Tazameni jambo moja katika orodha hiyo: isipokuwa Ulrike Maier, wote walikufa mazoezini. Siku ya mashindano kuna kamera, kuna nyavu pembeni mwa njia, kuna madaktari, na helikopta inangoja. Siku za mazoezi, ambazo ni nyingi mara mia, ulinzi mara nyingi hupungua, na hakuna anayetazama. Dakika mbili tunazozifurahia katika simu ndizo zilizolindwa vizuri kuliko zote. Gharama kubwa imelipwa mahali pengine, na aliyelipa wakati mwingine hata hafiki mbele ya macho yetu.

Sisi wa Goma tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kila asubuhi vijana wa rika lenu hushuka kutoka Kibumba wakiwa juu ya chukudu zilizopakiwa kabichi, viazi au makaa. Mzigo mara nyingi ni mzito kumpita mara kadhaa yule anayeuongoza, na breki yake ni mguu na kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma. Mteremko ule ni mchezo wa majira ya baridi usio na theluji, usio na nyavu wala daktari. Nasi sokoni tunaiona kabichi na kujadiliana bei, mteremko hatuuoni. Mji wetu umemsimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na ni heshima inayomstahili. Lakini heshima ya sanamu haimzuii kijana kuvunjika mguu. Ndivyo ilivyo pia kwa medali.

Karibu na kwetu

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu na milima yao. Tarehe 27 Agosti 2022, Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa kikosi cha baiskeli cha Team AMANI, alianguka kwa mwendo mkubwa katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33, na vijana wengi wa Afrika Mashariki walimtazama kama kaka mkubwa aliyewafungulia njia.

Mwezi Septemba 2024, katika mashindano ya dunia ya baiskeli huko Zurich, Uswisi, msichana wa miaka 18 aitwaye Muriel Furrer alianguka msituni siku ya mvua. Wenzake walipita, mashindano yakaendelea, na muda mrefu ukapita kabla hajaonekana. Alifariki siku iliyofuata. Mashindano ya dunia ya mwaka uliofuata yalifanyika Kigali, ng'ambo ya mpaka wetu, mwezi Septemba 2025. Huko kila mshindani alibeba kifaa kidogo kinachoonyesha mahali alipo kwa njia ya satelaiti, ili akisimama ghafla ajulikane mara moja. Tunashukuru kwa kifaa hicho, lakini tujiulize pia: kwa nini kilingoja kifo cha mtoto? Ukuta wa Whistler ulingoja kifo. Mambo mengi ya usalama katika michezo yaliandikwa baada ya mazishi, na chanzo chake mara nyingi ni kimoja. Wenye kuandaa huuliza kwanza kama tamasha litapendeza. Kama watu watarudi nyumbani wazima huulizwa baadaye. Na tamasha huandaliwa kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili yetu sisi tunaotazama?

«Wamechagua wenyewe»

Tunajua mtakavyotujibu. Jibu la kwanza ni hili: wale ni watu wazima, wameuchagua mchezo wao, wanaujua kuliko sisi. Jibu hilo lina ukweli, nasi tunauheshimu. Ujasiri ni fadhila. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, mlei kijana ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwezi Septemba 2025, aliipenda milima na kuteleza kwa skii, wala hatusomi kwamba utakatifu wake ulimtaka akae chini kwa kuogopa kuanguka. Hatuwaombi wanamichezo wawe waoga.

Lakini uchaguzi una mipaka yake. Kijana aliyekiri hofu yake kwa baba yake, kisha akashuka kwa sababu taifa zima lilikuwa likimngoja, alichagua kwa kiasi gani? Na mtoto je? Katika Michezo ya Beijing ya mwaka 2022, msichana wa Kirusi wa miaka 15, Kamila Valieva, aliyekuwa katikati ya kesi ya dawa zilizokatazwa, aliachwa ateleze juu ya barafu mbele ya dunia nzima. Alianguka mara kadhaa, akatoka akilia. Miezi michache baadaye, shirikisho la mchezo huo liliamua kupandisha umri wa chini wa washindani wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Uamuzi huo ni ungamo la wakubwa kwamba kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyachagua kwa kweli, hata akisema ndiyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, tuzitunze kwa busara. Inaonya pia juu ya ibada ya mwili, inayotoa kila kitu sadaka kwa ajili ya ushindi michezoni. Na mwaka 2018 Vatikani ilitoa hati nzima juu ya michezo, ambayo kati ya hatari nne inazozitaja kwa namna ya pekee, imewaweka mashabiki na watazamaji. Kanisa halikuwasahau waliokaa kwenye viti.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo ni la Goma. Mtasema: sisi ni watu wa mji uliopitiwa na lava Januari 2002 na tena Mei 2021, mji uliowazika watu wengi mwanzoni mwa 2025. Sisi hatukuchagua hatari yoyote kati ya hizo. Kwa nini tuumie moyo kwa ajili ya watu wenye kushiba, wanaoitafuta hatari kwa hiari na kulipwa kwa ajili yake?

Hatulidharau neno hili. Lakini tunajibu kwamba kwa sababu hiyo hiyo tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Aliyezoea kuona damu anaweza kufuata njia mbili. Anaweza kuwa mwepesi wa kuhurumia, kwa kuwa anajua uchungu una sura gani. Anaweza pia kufa ganzi. Tunaiona ganzi hiyo tayari. Ajali ya pikipiki ikitokea barabarani, simu hutolewa mfukoni kabla ya mkono kunyoshwa. Picha za waliouawa huzunguka kutoka kikundi hadi kikundi, mara nyingine kabla mama wa marehemu hajapata habari. Kidole kinachorudisha nyuma video ya mtu anayevunjika shingo juu ya theluji ni kidole kile kile.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alipio, kijana aliyechukia michezo ya kuuana ya Warumi. Rafiki zake walimvuta kwa nguvu hadi uwanjani. Alikaa amefumba macho, akijiamini. Kisha umati ukapiga kelele kubwa, naye kwa kutaka kujua tu akafumbua macho. Tangu hapo alilewa kwa yale aliyoyaona. Hakutoka akiwa mtu yule aliyeingia, na baadaye akawa yeye wa kuwavuta wengine. Augustino anaona kwamba Alipio alijeruhiwa rohoni vibaya kuliko yule aliyeanguka alivyojeruhiwa mwilini. Michezo ya theluji si michezo ya kuuana, na hatusemi kwamba ni sawa. Tunachosema ni kwamba kelele ya umati ina nguvu hata leo, na siku hizi kelele hiyo imo mfukoni mwa kila mmoja wetu.

Jimbo letu la Kivu ya Kaskazini lina kumbukumbu yake ya uchungu. Mwezi Septemba 2008, katika uwanja wa mpira wa Butembo, madai ya uchawi kati ya timu mbili yaliwasha hasira, fujo ikazuka, na watu 13 walikufa katika msongamano, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Wao hawakuwa wachezaji. Walikuwa wamekuja kutazama. Umati unaposahau kwamba walio uwanjani ni watu, hukawia kidogo tu kusahau kwamba hata walio karibu nao ni watu.

Tutazame namna gani?

Hatuwaambii mfunge televisheni. Tunawaomba mtazame kama Wakristu, nasi tunapendekeza mambo manne yanayowezekana.

Kwanza, mtu akianguka vibaya, tusiirudie picha wala kuituma kwa wengine. Baada ya kifo cha Kumaritashvili, televisheni nyingi ziliirudia picha ile hadi watu wengi wakalalamika. Malalamiko ya watazamaji yalisikika. Maana yake ni kwamba sauti yetu ina uzito, kwa mema kama kwa mabaya.

Pili, tujifunze jina la aliyeanguka na kutafuta habari zake. Mtu mwenye jina, mwenye mama na mji alikotoka, ni vigumu kumfanya kichekesho.

Tatu, tuanze usalama nyumbani kwetu. Mashindano ya Xaveri, ya Kiro, ya Skauti na ya parokia hufanyika mara nyingi juu ya viwanja vya mawe ya volkano, ambapo kuanguka tu ni kuchubuka hadi mfupa. Pasiwe na mechi bila sanduku la huduma ya kwanza na mtu aliyefundishwa kulitumia. Mtoto aliyegongwa kichwani atoke, asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama yeye mwenyewe analia kwa kutaka kurudi, hata kama ni fainali. Kanuni hii inafuatwa katika michezo mingi duniani, wala haihitaji fedha. Inahitaji kiongozi mwenye moyo wa kukubali kushindwa.

Nne, tumwone anayeteremka karibu nasi. Kijana wa chukudu asichochewe na vijana wenzake kushindana mteremkoni ili wapate video. Akikwama kwenye mlima, asukumwe.

Tumalizie na habari moja ya kufurahisha, maana michezo ya theluji imetupa pia mfano wa namna ya kutazama. Mwaka 1998, huko Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji ambaye miaka miwili tu kabla ya hapo hakuwa amewahi kuona theluji, alishiriki mbio za skii za kilomita 10. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norvegi, alimaliza kwa dakika 27. Boit alimaliza wa mwisho, dakika 20 baada yake. Sherehe ya kutoa medali ilikuwa tayari, lakini Dæhlie alikataa kuondoka. Alisimama penye mstari wa mwisho, katika baridi, akimngoja mtu ambaye hakuwa tena na lolote la kushindania, na alipofika akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Bingwa yule kwa dakika 20 alikuwa mtazamaji tu. Hakungoja rekodi wala anguko. Alingoja mtu afike salama. Tukijifunza kutazama hivyo, tutakuwa tumejifunza jambo kubwa kuliko mchezo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni video gani ya ajali tuliyoipokea au kuituma mwezi huu? Tulijua nini juu ya mtu aliyeonekana ndani yake?

2. Katika michezo ya parokia yetu, ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa uwanjani mchezaji aliyeumia? Kama hayupo, tumchague nani?

3. Ni kazi gani ya hatari inayofanywa na vijana wa mtaa wetu, ambayo sisi tunaona matunda yake tu?